Kijiti cha Ardell

Ardell Fischbach ana miaka sabini na sita, na huu ni mwaka wa kumi na moja kazi yake ni kuhamisha magari ya kukodi. Mtu anakodi gari Fargo, huku kwetu Dakota, analiacha Bismarck, maili mia mbili kutoka hapo, anapanda ndege anakwenda zake. Gari haliwezi kurudi lenyewe. Tunalirudisha sisi wazee. Wa Jumamosi tuko wanne: Ardell, mimi Borghild, Ferdie Wetzel ambaye zamani alikuwa fundi wa matrekta, na Leland Skaar, kiongozi wa msafara. Leland aliendesha basi la shule miaka thelathini, na mpaka leo anatuhesabu kabla ya kuondoka, kana kwamba watu wanne tunaweza kupotea kwenye maegesho.

Naandika habari za Ardell kwa sababu kuna mahali jina lake lilitakiwa kuwapo na halipo. Mimi si mtu wa kalamu. Niliacha shule darasa la nane, ng'ombe hawakuwa na subira, na kusoma kwangu mpaka leo ni kwa kidole. Lakini jambo hili nililiharibu mimi, kwa mdomo wangu, mbele za watu. Nitalitengeneza mimi.

Ardell alizaliwa shambani, kusini ya Linton, kwa wale Wajerumani waliotokea Urusi, watu wa rozari na supu ya matonge. Alikuwa mtoto wa saba kati ya kumi na mmoja. Zamu yake ya kukamua ilianza akiwa na miaka sita. Maziwa yakiwa yanangoja kutenganishwa na krimu, yeye alishika vipande viwili vya mti akayapiga yale makopo makubwa ya krimu, tupu na yaliyojaa, kila moja na sauti yake. Ng'ombe walizoea. Baba yake alimkataza siku za Kwaresima tu.

Akiwa na miaka kumi na tisa aliolewa na Wendelin Fischbach. Siku za kazi Wendelin alilima ngano, Jumamosi alipiga kodiani kwenye harusi. Kaka yake, Roman, alipuliza tarumbeta. Ngoma ilikuwa ya binamu yao, Pius. Ukiuliza wazee wa kule kusini, harusi isiyo na ndugu Fischbach watu waliondoka kabla ya keki.

Februari ya mwaka sabini na moja wakaamua kutoa santuri. Mtu mmoja wa Mandan alikuwa na chumba chenye mitambo ya kurekodi, akawapa saa moja. Vile vikaratasi vya duara vinavyobandikwa katikati ya santuri vilikuwa vimeshachapwa: Wendelin, kodiani, Roman, tarumbeta, Pius, ngoma. Siku yenyewe ikaja tufani ya theluji, Pius akakwama shambani kwake, hata mlango wa nyumba haufunguki. Ardell alikuwapo kwa sababu alibeba chakula na mtoto mchanga. Akampa mtoto mke wa mwenye mitambo, akavua glovu, akakaa kwenye ngoma.

Walipiga nyimbo mbili. Katika wimbo wa pili vidole vilikuwa bado na ganzi ya baridi, kijiti kimoja kikamponyoka kikaruka mpaka ukutani. Wendelin, bila kuacha kupiga kodiani, akapaza sauti, "Ardell! Kijiti!" Akakiokota, akaendelea. Saa ilikuwa imekwisha, hakuna kurudia. Santuri ikatoka na ukelele wake ndani na jina la Pius juu. Wendelin aliapa angekata jina la Pius kwa kalamu kwenye santuri zote mia tatu na kuandika la mkewe. Alifikisha arobaini. Kisha msimu wa kupanda ukaingia.

Zile arobaini zilikaa chini, kwenye chumba cha ardhini, na mwaka maji yalipoingia ziliharibika zote. Mwaka huohuo Wendelin akafa. Roman alikuwa ameshatangulia, na Pius akafuata. Kwa hiyo kati ya waliopiga, aliyejua nani alikaa kwenye ngoma siku ile akabaki Ardell peke yake.

Haya yote mimi sikuyajua, au niliyajua nusu, na nusu niliyoijua ndiyo iliyoniponza.

Oktoba iliyopita tulikuwa ndani ya basi dogo la kampuni, lile linalotungoja Fargo liturudishe nyumbani. Ferdie alikuwa anazungumzia bendi za zamani. Ardell alikuwa anamenya chungwa.

"Santuri ya ndugu Fischbach, ngoma nilipiga mimi," alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Wewe?" nikasema.

"Mimi. Pius alikwama kwenye theluji."

"Bibi wee, santuri hiyo mimi nimeishika kwa mikono yangu miwili. Wifi yangu alikuwa nayo. Imeandikwa Pius. Mimi kusoma kwangu ni kwa kidole, lakini jina la Pius nililisoma vizuri."

"Imeandikwa hivyo, ndiyo. Walichapa kabla ya siku yenyewe."

"Kilichoandikwa kimeandikwa. Marehemu wa watu mwacheni na kazi yake."

Ferdie akapiga mluzi. Leland akageuka dirishani kutazama shamba lisilo na kitu.

"Unaniita mwongo, Borghild?"

"Sijakuita. Umeitika mwenyewe."

Ardell akafunga maganda ya chungwa kwenye karatasi, polepole, akayatia mfukoni. Hakusema tena mpaka Bismarck. Na kutoka siku ile hakusema nami miezi mitano. Mimi pia sikusema naye. Nimelelewa hivyo: kwetu mtu haombi radhi kwa jambo ambalo hana hakika amekosea. Leland akawa tarishi wetu. "Mwambie Ardell taa yake ya breki imekufa." "Mwambie Borghild asante, na umwambie pia anaendesha kama anapeleka jeneza." Naendesha maili sitini kwa saa. Sheria inaruhusu zaidi, mimi sijairuhusu.

Sasa nieleze habari ya redio.

Magari haya ya kukodi yana redio ya setilaiti, inayoshuka moja kwa moja kutoka mbinguni. Redio ya kawaida, ukitoka mjini maili arobaini inakohoa na kufa. Hii haifi, ukitaka nenda mpaka Montana. Ila lazima iwe imelipiwa, na malipo ni ya gari, si ya mtu. Gari lililolipiwa lina stesheni mia na zaidi. Ambalo halijalipiwa lina stesheni moja tu, na humo kuna mtu anakubembeleza ulipie. Nyumbani hatuna redio hiyo hata mmoja. Ardell ana pikapu ya mwaka tisini na nne, inameza kanda. Redio ya setilaiti tunaisikia kazini, kwa kudra ya ufunguo tu.

Nasema kudra kwa sababu funguo zinatiwa ndani ya kopo la kahawa na kila mtu anachomoa wake bila kuangalia. Ndio utaratibu wetu. Ulichochomoa ndicho utakachoendesha, hakuna kubadilishana, kwa sababu Leland huandika jina lako kwenye karatasi mbele ya namba ya gari, na ukigonga mnyama paa njiani, jina la kwenye karatasi na mtu aliyeko kwenye usukani lazima viwe kitu kimoja. Ferdie aliwahi kubadilishana. Akagonga paa. Barua za bima zilimfuata mpaka majira yakageuka.

Ardell akipata gari lenye redio hai husikiliza stesheni moja: ya polka, ile dansi ya kodiani, na bendi za zamani. Mtangazaji wake ni mama mmoja mkusanyaji wa santuri, anazinunua kwenye minada ya mashamba, sanduku zima, halafu Jumamosi anazipiga moja moja. Jumamosi ya pili ya Machi mama huyo alisema hewani kwamba ndani ya sanduku alilolinunua amekuta santuri ya ndugu Fischbach wa Dakota, hajawahi kuisikia tena popote, na Jumamosi ijayo saa tano na dakika zake atapiga upande wa pili.

Ardell alimweleza Ferdie habari hiyo kwenye basi, kwa sauti ya kunifikia mimi kiti cha nyuma.

"Upande wa pili, Ferdie. Ule wenye kijiti."

"Kijiti gani?"

Akamweleza. Kijiti, ukuta, Wendelin na sauti yake. Ferdie akanigeukia.

"Umesikia, Borghild?"

"Masikio yangu mazima," nikamjibu. "Nangoja santuri iseme."

"Na ikisema?"

"Ikisema itakuwa imesema."

Nilitazama nje. Nakiri kwamba kile kijiti kilinichoma. Mwongo hutunga vitu vikubwa. Atasema walimshangilia, atasema alicheza mbele ya gavana. Nani atunge kwamba aliangusha kijiti?

Jumamosi ikafika. Asubuhi kulikuwa na upepo wa kaskazini na theluji nyembamba ikitambaa juu ya lami kama unga uliomwagika. Magari yalikuwa manne. Leland akatuambia mapema ili isiwe fitina: lenye redio iliyolipiwa ni moja tu, lile jekundu. La kijivu lilikuwa limelala ghalani kipupwe chote, redio yake inabembeleza tu, na mengine mawili ni hivyohivyo.

Leland akatikisa kopo. Ferdie akachomoa. Ardell akafuata. Aliingiza mkono, akauacha humo kidogo, akatoa. La kijivu.

Halafu mimi. Jekundu.

"Mungu naye ana utani wake," akasema Ferdie.

Ardell akautazama ufunguo wake, akautia mfuko wa koti, akafunga zipu. "Haya," akasema. Basi. Hakunitazama.

"Leland," Ferdie akasema, "leo tu, wabadilishane. Nani atajua?"

"Paa atajua," Leland akajibu. "Na wewe ndiye wa kusema?"

"Sijaomba kubadilishana," Ardell akasema. "Niliwahi kuomba kitu mimi?"

Kweli, hakuwahi. Hapo ndipo tulipofanana mimi naye, na ndipo tulipokosana.

Tukaondoka saa mbili na dakika kumi, Leland mbele, Ardell wa pili, Ferdie wa tatu, mimi mkiani kama kawaida. Jamestown tukasimama kahawa. Ardell alikaa mwisho wa meza na kikombe na kipande cha mkate wa mdalasini ambacho hakukila. Nilikuwa namtazama kwa pembe ya jicho. Ana mikono mikubwa, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, na vidole viwili vya kulia vilikuwa vinagonga meza taratibu, ta-ta, ta-ta. Hakujua kama anagonga.

Alipokwenda msalani, Ferdie aliniinamia.

"Bibi, mwite kwenye gari lako saa tano ikifika. Kuna ubaya gani?"

"Barabara kuu nisimame wapi? Na msafara hausimami baada ya Jamestown. Muulize Leland."

"Msafara hausimami," Leland akasema. "Utaratibu."

"Utaratibu," Ferdie akasema. "Borghild, wewe unaogopa."

"Niogope nini?"

"Kusikia."

Nilimwambia akaangalie mafuta ya trekta lake, nikasimama nikalipa kahawa yangu.

Nikiwa njiani nikafungua redio. Sikuwa na mazoea. Mimi nikiendesha napenda kimya. Nilitafuta ile stesheni kwa kubonyeza-bonyeza, nikapita mahubiri, nikapita mpira, nikaikuta. Mama anazungumza kwa sauti ya mtu aliyekunywa kahawa nyingi. Akapiga bendi ya Nebraska. Akapiga bendi ya Minnesota. Nikapita Valley City. Ikawa saa tano kasoro dakika kumi na mbili. Mama akasema: baki nami, baada ya bendi tatu tu tunao ndugu Fischbach.

Mbele yangu naliona gari la Ferdie, na mbele yake lile la kijivu, dogo, limenyooka katikati ya njia yake. Ndani mle kuna mtu anabembelezwa alipie. Nikawaza hivi, na naliandika kama nilivyoliwaza: nitasikia peke yangu. Kama alidanganya, nitasema. Kama alisema kweli, anayejua ni mimi tu, na mimi nani atanilazimisha? Tukifika Fargo nitasema, sikusikia vizuri, nilikuwa naangalia barabara. Na Ardell hataniuliza, maana yeye haulizi. Atazikwa na jambo lake na mimi na langu.

Lilikuwa wazo jepesi, lilinijia kama linaijua njia. Ndilo lililonitisha. Nimekuwa mkaidi maisha yangu yote lakini sijawahi kuwa mwizi.

Nikakanyaga mafuta.

Sijawahi kwenda maili themanini tangu kuzaliwa kwangu. Nilimpita Ferdie, niliona mdomo wake wazi kama samaki. Nikampita Ardell, yeye alitazama mbele tu. Nikampita Leland, nikawasha taa zote za hatari zikipepesa, nikatoa mkono dirishani na ule upepo, nikawaonyesha njia ya kutokea. Leland akafikiri gari linaungua. Akanifuata, na wengine wakamfuata, kwa sababu msafara ni msafara.

Kulikuwa na kituo cha mafuta, kidogo, chenye paa pana juu ya pampu na ukuta upande wa upepo. Sisi watu wa huku, upepo wa Machi ukivuma, hatufikiri mara mbili: gari linakwenda penye kinga. Nikaingia chini ya paa, nikajibana ukutani. Ardell akajibana nyuma yangu, Leland na Ferdie wakasimama kando.

Leland akaja anakimbia nusu kukimbia. "Kuna nini? Moshi? Moyo?"

"Hakuna kitu. Ingieni garini kwangu."

"Wote?"

"Wote. Ardell mbele."

Ardell alikuwa ameshuka, ameshika kofia yake. Nilimfungulia mlango kutoka ndani. Akasimama pale, theluji inampita miguuni.

"Nimealikwa na nani?" Ilikuwa mara ya kwanza kusema nami tangu Oktoba.

"Na mimi."

"Kwa ajili gani?"

"Ingia, Ardell, unaniletea baridi."

Akaingia. Ferdie na Leland wakajibana nyuma na makoti yao, magoti masikioni. Saa ya gari ilisema saa tano na dakika nne. Nikaongeza sauti ya redio.

Kimya.

Nikabonyeza. Kimya. Kwenye kioo kimeandikwa kitu, nikaweka kidole nianze kusoma, Ferdie akanitangulia kutoka nyuma.

"Haipati mawimbi! Ah, sisi wazee wapumbavu. Paa, Borghild! Hii redio inataka mbingu, na wewe umetuweka chini ya bati!"

"Niliwakinga na upepo!"

"Umemkinga na mumewe! Toka, toka!"

Mbele yangu ukuta, nyuma yangu gari la Ardell, pua kwa mkia. Mikono ya Ardell ilikuwa magotini na vidole vimetulia kabisa, na hilo lilikuwa baya kuliko vile vilivyokuwa vinagonga. Leland akatoka, akaruka ndani ya gari la kijivu, ambalo halina jina lake kwenye karatasi, akalirudisha nyuma hatua kumi. Miaka yote hiyo sijaona Leland akivunja utaratibu. Nikarudi nyuma nami, nikapinda, nikatoka mpaka katikati ya uwanja wa changarawe, mahali palipo wazi pande zote, upepo ukilitikisa gari kama mtu anayeamsha mlevi.

Leland akarudi, akafunga mlango. Redio ikakoroma mara moja. Ikafunguka.

"...Roman Fischbach, tarumbeta," mama alikuwa anasoma, "na ngoma, Pius Fischbach. Sikilizeni."

Pius. Mbele ya nchi nzima, Pius.

Kodiani ikaanza. Sina maneno ya muziki. Nitasema tu kwamba ilikuwa mikono ya mtu aliyelima, hakubembeleza. Tarumbeta ikaja juu. Na chini yake ngoma, kavu, ya haraka, yenye kitu fulani cha makopo. Ferdie alianza kutikisa kichwa. Ikapita raundi moja, ikapita ya pili. Nikaanza kufikiri, hakuna kijiti. Na nitasema ukweli: sikufurahi.

Raundi ya tatu ngoma ikakatika. Kukawa na mlio wa kitu kidogo kikigonga mbao mbali. Na sauti ya mwanamume, karibu kabisa, kama amekaa kati yetu, ikaita kwa Kijerumani cha mashambani, ikicheka ndani kwa ndani:

"Ardell! Kijiti!"

Kodiani haikusimama. Ngoma ikarudi, imechelewa, ikaikamata, ikaenda nayo mpaka mwisho.

Mama wa redioni alikuwa anacheka. "Mmesikia? Sasa huyo Ardell ni nani? Kama kuna mtu anayejua, aniandikie, maana hapa kwenye santuri hayupo."

Ardell alikuwa anatazama kioo cha mbele, theluji inavyokipiga. Akatoa leso, akapangusa pua.

"Vidole vilikuwa vimekufa baridi," akasema. "Mwenye mitambo alikuwa bahili wa makaa."

"Miaka kumi na minne sijaisikia sauti yake," akasema tena baadaye kidogo. "Nilikuwa nimesahau kwamba alicheka. Nilikumbuka amefoka."

Nikajua ni zamu yangu.

"Ulichelewa kurudi," nikasema.

Akageuka. "Mapigo mawili."

"Matatu."

"Mawili, Borghild."

"Niliyahesabu. Mapigo matatu yalikosa ngoma, na ngoma hiyo ilikuwa yako. Si ya Pius. Nilisema uongo mbele ya watu hawa wawili, nasema mbele yao tena: ilikuwa yako."

Ferdie akaguna kutoka nyuma. "Leland, andika tarehe."

"Nyamaza, Ferdie," tukasema wote wawili, mimi na Ardell, pamoja.

Ferdie akatoa simu yake. "Basi piga sasa hivi! Mwambie yule mama, ni mimi hapa, niko hai, nimekaa kwenye gari jekundu."

Ardell akaisukuma simu. "Nilishajisemea mara moja. Mnakumbuka nilivyoitwa. Sijisemei tena mimi."

Alisema bila chuki. Alisema kama mtu anayetaja njia ipi imefungwa. Kisha akashuka, akarudi kwenye gari lake la kijivu, na tukaenda Fargo kwa mpangilio uleule, Leland mbele na mimi mkiani, maili sitini.

Kwa hiyo nikaandika mimi. Ilinichukua juma zima, na karatasi nilizochana mjukuu wangu alijaza nazo kikapu. Niliandika kwa yule mama wa redioni kwamba mpiga ngoma ni Ardell Fischbach, mke wa Wendelin, aliyejifunza kwa makopo ya krimu kusini ya Linton; kwamba Pius alikuwa amekwama kwenye theluji, Mungu amrehemu, hana kosa; na kwamba mimi shahidi wake ndiye niliyekuwa wa kwanza kumkanusha, kwa hiyo naaminika. Niliandika kijiti kilianguka raundi ya tatu na ngoma ikakosa mapigo matatu.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya kopo la funguo, nilimpa Ardell barua aisome, maana ni jina lake. Aliisoma amesimama, miwani kwenye ncha ya pua, mpaka mwisho. Akanirudishia.

"Iko sawa," akasema. "Ila hapo kwenye matatu, andika mawili."

"Ulisikia mwenyewe."

"Nilikuwapo mwenyewe."

Tulibishana mpaka Leland akatikisa kopo. Barua nimeshaituma. Ina jina lake lote, herufi kwa herufi, na ina mapigo matatu.